Mfuo Kwanza, Hariri Baadaye

Wengi wanaoanza kutengeneza vibanio vya nywele kwa mtindo wa kimekomi, ufundi wa Kijapani wa kuvisha umbo kitambaa bila kushona, hukimbilia kuchagua hariri. Nawaelewa, maana hariri ya Nishijin, ile ya Kyoto iliyofumwa kwa nakshi, ikishatandazwa mezani ni vigumu kutazama kitu kingine. Lakini kazi hii hufana au huharibika kwenye mfuo, yaani mchanjo wa kuchomekea ncha za kitambaa, kabla kitambaa hakijaguswa.

Kimekomi ni ufundi wa wanasesere. Mafundi wa Kijapani husimulia kwamba ulianzia Kyoto, kwenye hekalu la Kamigamo, kati ya 1736 na 1741. Takahashi Tadashige alichonga vidoli kwa mabaki ya mbao, akavichanja mifuo na kuchomeka humo ncha za vitambaa. Nguo haishonwi kabisa. Baadaye huko Edo, ambayo leo ni Tokyo, mwili ulifinyangwa kwa unga wa mbao za mti wa kiri (paulownia) uliokandwa na gundi ya wanga. Ukikauka huwa mwepesi, nasi wa mapambo ya nywele tunauhitaji wepesi huo: kibanio kizito huteleza.

Chora mistari kwenye umbo la kibanio kwa penseli, kisha chanja mfuo wa kina cha milimita 2 hadi 3, ulio sawa kote. Penye kina kifupi, kitambaa kitachomoka. Gundi ipake ndani ya mfuo tu. Ikigusa uso wa umbo, hariri italowa na kubaki na doa. Anza kuchomeka katikati ya kila upande, halafu elekea kwenye pembe, la sivyo mikunjo yote itarundikana sehemu moja. Ziada ikate kwa mkasi mdogo mkali, ukiacha ukingo mwembamba wa kusukuma ndani kwa kisu butu.

Kwa kujifunzia napendelea chirimeni, kitambaa cha krepu cha Kijapani. Ina vikunyanzi, hivyo hunyumbuka, hasa ukiikata mshazari, na hulala vizuri kwenye umbo la mviringo. Nishijin hufumuka nyuzi mara mkasi unapopita.

Kuna jambo ambalo vidoli havitakufundisha. Mwanasesere hukaa kabatini, kibanio hukaa kichwani, kwenye jasho na mafuta. Gundi ya wanga hulegea ikilowa, kwa hiyo tumia gundi nyeupe ya mbao. Chuma cha kibanio nacho usikibandike juu juu. Kichongee nafasi mgongoni kizame. Kikishakauka, kifungue na kukifunga mara nyingi kabla hujampa mtu. Kikicheza hata kidogo, king'oe ukibandike upya.