Jibu: Kujenga darasa ugenini bila mashine

Umeuliza kama kikundi chenu cha kujitolea kitaweza kusimamisha darasa nchi ya watu bila mashine ya kuchanganyia zege. Mtaweza, ndugu yangu. Ukuta unanyooka kwa kamba na timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni.

Kona zipimeni hivi: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari ukisoma mita 5 kamili, kona imekaa sawa. Kwa usawa wa msingi tumieni mpira mrefu mwangavu wa kupitishia maji, uliojazwa maji: kwenye ncha zote mbili maji hukaa kimo kimoja. Angalieni usiwe na mapovu ndani, yanadanganya.

Kazi yenyewe ni zege. Changanyeni saruji, mchanga na kokoto vikiwa vikavu, mgeuze kwa beleshi mpaka rangi iwe moja, ndipo maji yaingie kidogo kidogo. Mikono ikichoka watu huzidisha maji ili zege ligeuzike kirahisi, na nguvu inapotea hapo hapo. Nawaomba sana, pokezaneni beleshi. Likishashika, limwagilieni maji angalau siku 7.

Na fundi wa huko huko ndiye awaongoze, anaujua udongo wake na mvua zake.