Omba Ukuta Kabla ya Kukata Stensili

Stensili yangu ya kwanza, yaani karatasi iliyokatwa matundu ya kupitishia rangi ukutani, ilikuwa neno moja tu: AMANI. Niliikata usiku kwa wembe wa kunyolea, juu ya meza ya jikoni. Nilipoinua karatasi, vile vipembetatu vya ndani ya A vikabaki mezani. Ukutani zikatokea A mbili zilizojaa rangi tititi, kama mahema mawili meusi, na mpita njia asingeweza kusoma chochote.

Kilichokosekana ni daraja, yaani ule ukanda mwembamba unaouacha bila kukata ili sehemu ya ndani ya herufi isianguke. Anayetaka kujifunza stensili aanze hapo, kabla hata ya kununua rangi. Kiswahili chetu kimejaa A na O, na zote mbili zina tundu. Andika kwa herufi kubwa, maana E kubwa haina tundu ilhali e ndogo inalo. Kisha hesabu matundu kabla ya kushika kisu. MAJI NI HAKI ina mawili. MTI HUU UISHI haina hata moja, unaweza kuikata leo jioni ukaipuliza kesho. Kwa karatasi ya manila, daraja lisipungue milimita tano. Likiwa jembamba zaidi litalowa rangi, lijikunje, na rangi ipite chini yake.

Manila inafaa kwa kujifunzia, ila ukiitumia mara chache inachoka. Mimi siku hizi nakata filamu kuukuu za eksrei. Loweka kwenye jiki, vaa glavu, fungua madirisha, kisha uisugue ile ngozi nyeusi mpaka ibaki plastiki angavu. Na tafadhali, ile kona yenye jina la mgonjwa ikate uiharibu kwanza. Ugonjwa wa mtu si wa kutembezwa mitaani. Kata vitu vidogo mwanzo, muhtasari mkubwa mwisho, kwa sababu kila unapokata karatasi inazidi kulegea. Kwenye mviringo, mkono utulie na karatasi ndiyo izunguke.

Kuta zetu nyingi zina plasta ya mchanga, na hapo kopo la kupuliza linaaibisha watu. Stensili haikai ikashika vizuri, upepo unaingia chini, herufi zinaota ndevu. Kwenye ukuta wa namna hiyo tumia rangi ya maji na kipande cha sponji kilichokamuliwa hadi kikaribie kukauka, ugongegonge polepole. Ni nafuu na hakina moshi. Ukuta laini ndio wa kopo: litikise kama dakika mbili, simama sentimita ishirini hivi, pitisha mkono mara tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi. Tafuta ile yenye vichujio vya kemikali, hata ikibidi mchange watu watatu.

Hayo ya mikono hujifunzwa kwa wiki chache. La ukuta lilinichukua muda mrefu zaidi, na nililijifunza kwa gharama ya mtu mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye mtaa mmoja wa Eastlands hapa Nairobi, nilipuliza uso wa mtoto na maneno mawili chini yake, saa nane usiku. Kazi ilitoka safi, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha. Mbele ya ukuta ule alikuwa akiuza mama mboga. Asubuhi mwenye nyumba alimwona yeye tu pale, akamwambia apake chokaa au ahamishe kibanda. Akapaka. Alinunua chokaa kwa hela ya mauzo ya siku mbili, na mimi nilipopita jioni nikijifanya mteja nilikuta vidole vyake bado vyeupe, anachambua sukuma. Nilimwambia ni mimi. Hakunifokea. Alisema, “Si ungeniuliza tu, mwanangu? Mimi ndiye ninayekaa hapa.” Nilimrudishia hela yake, lakini sauti ile sijaweza kuirudisha.

Vijana wengi huniambia kwamba sanaa hii ni ya usiku na ukiomba ruhusa umeiua. Nawaelewa. Stensili ilishika miji mikubwa kwa sababu ya haraka. Blek le Rat, mchoraji wa Ufaransa, alianza kupuliza panya kwenye kuta za Paris mwaka 1981, na stensili ilimwezesha kumaliza na kuondoka upesi. Banksy, mchoraji wa kuta kutoka Bristol, Uingereza, amewahi kusimulia jinsi alivyojificha chini ya lori akiwakimbia polisi, akaona herufi za stensili kwenye tangi la mafuta, akajua amepata njia ya kufupisha kazi. Hao waliokimbia waliihatarisha nafsi yao. Jiulize wewe ukikimbia, nani anabaki pale ukutani asubuhi?

Sisemi kila mchoro uombe ruhusa ya anayelengwa. Mwaka 2012 mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji kina Swift9, Bankslave na Uhuru B walichora wanasiasa kama tumbusi katikati ya Nairobi, kwenye Muindi Mbingu Street. Mwenye madaraka haombwi ruhusa ya kuambiwa ukweli. Ila Mwangi alisimama hadharani akaieleza kazi ile kwa jina lake, hakumwachia mchuuzi wa karibu aijibie. Ukiweza kufanya vivyo hivyo, fanya. Ukiona huwezi, bado una jirani wa kuongea naye.

Nikitafuta mfano wa kuomba ukuta, nakumbuka Kibera mwaka 2009. JR, mpiga picha wa Ufaransa, alifunika mapaa kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapo. Zilichapwa kwenye turubai isiyopitisha maji, hivyo mvua iliponyesha zilizuia nyumba kuvuja. Watu walikuwa na sababu ya kuzitunza. Na kule kule Kibera, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, msanii Solo7 aliandika maneno ya amani kwenye kuta na milango ya mtaa wake mwenyewe. Hakuhitaji kueleza yeye ni nani, wenyeji walimjua.

Kwa hiyo mimi sasa hufanya hivi. Naenda mchana, mara mbili au tatu, nakaa nione nani anauza hapo, nani anaegemea, watoto wanapita saa ngapi. Nazungumza kwanza na anayekaa mbele ya ukuta, kisha mwenye nyumba. Napeleka mchoro kwenye karatasi, wa ukubwa wa kushikika, kwa sababu mtu hawezi kukubali kitu ambacho hajakiona. Mwenye nyumba akikubali, naandika mistari miwili, anatia sahihi, naibeba mfukoni siku ya kazi. Karatasi hiyo imenisaidia zaidi ya mara moja askari walipofika. Nikimaliza namwachia rangi ya ukuta iliyobaki, aweze kufuta siku akichoka.

Kuna wanaokataa. Basi, nenda ukuta mwingine.

Yule mama mboga nilimrudia baada ya miezi, safari hii mchana, na kijitabu changu. Nilimwuliza angependa nini ukutani. Nilidhani atasema maua, au jina la mjukuu. Akataka orodha ya anavyouza, herufi kubwa, zionekane kutoka stendi ya matatu. Tukakata pamoja pale pale juu ya kreti ya nyanya, yeye akishika karatasi, mimi nikizungusha. NYANYA ilitaka madaraja kwenye A zote mbili. SUKUMA WIKI moja. VITUNGUU aliikata mwenyewe, haikuwa na tundu hata moja.