Ukitaka kuhama kazi ya programu, usianze na lugha

Vijana wa mifumo hapa Mwanza wakinitafuta, wengi wanakuja na swali moja: kaka, nihamie lugha gani? Anayeandika PHP kasikia imekufa. Anayeandika Java kaambiwa Python ndiyo inayolipa. Aliyemaliza chuo juzi anadhani akili mnemba itaandika kila kitu, kwa hiyo bora afungue duka la vipodozi Buzuruga. Mimi nimeshahama mara kadhaa, na lugha ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi kila nilipohama. Kilichonitoa jasho ni kuielewa upya biashara ya watu.

Nilianzia kwenye kiduka cha intaneti pale Makoroboi: kuweka Windows, kufuta virusi kwenye flashi za wanafunzi, kuchapa barua za kuomba kazi. Nikaingia kwenye tovuti za hoteli na shule kwa kutumia WordPress. Kisha Dar es Salaam, nikaajiriwa kwenye kampuni ya kuunganisha wafanyabiashara na malipo ya simu. Nikarudi Mwanza nikifanyia kazi kampuni ya Ulaya nikiwa chumbani Nyegezi. Sasa hivi najitegemea, wateja wangu wakubwa ni wenye mitumbwi ya dagaa na SACCOS mbilitatu.

Tuanze na hiyo PHP inayozikwa kila mwaka. Ilitoka 1995, na toleo la 7 lililokuja Desemba 2015 liliipa kasi ambayo wengi hawakuitegemea. WordPress, iliyoandikwa kwa PHP, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Maiti gani hiyo? Sasa linganisha na AngularJS ya Google, fremuweki (kiunzi cha msimbo) ya kujengea tovuti. Ilitoka 2010, ikatamba, matangazo ya kazi yakaijaa. Toleo lililofuata, la 2016, likaandikwa upya kiasi kwamba mengi uliyoyakariri hayakukufaa, na mwanzoni mwa 2022 ile ya kwanza ikaachwa rasmi. Aliyekuwa amejiita mtu wa AngularJS na basi, ilibidi atafute jina jingine.

Halafu kuna SQL, lugha ya kuzungumza na kanzidata, yaani ghala la data la mfumo. Edgar Codd wa IBM alichapisha mwaka 1970 wazo la kupanga data kwenye majedwali yanayohusiana, na SQL ikazaliwa hapo hapo IBM miaka michache baadaye. Nimeitumia kwenye kila kazi niliyofanya isipokuwa ya kufuta virusi. Kijana akiniambia ana miezi sita tu ya kujifunza, namwambia minne aitumie kwenye kanzidata. Wengi wananiangalia kama mzee wa kizamani, ila hewala.

Dar ndiko nilikoiva. Malipo ya simu yana tabia zake. Mteja kalipa, mtandao wa simu unaitaarifu seva yako, mawasiliano yanakatika kabla hujajibu. Wenye mtandao wa simu wakiona hujajibu wanatuma tena taarifa ile ile. Mfumo ambao haukujiandaa unaandika malipo mawili, na mwenye duka anatoa mzigo mara mbili. Dawa yake ni kuiagiza kanzidata isikubali namba ya muamala ijirudie, ya pili ikija ikataliwe kimya kimya na mtumaji ajibiwe kwamba imepokelewa. Fedha nazo hazihifadhiwi kwa namba za desimali zinazoelea, maana kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa njia hiyo haipati 0.3 kamili. Hifadhi shilingi kama namba nzima. Namba ya simu inayoanza na 07 na ile ile ikianza na 255 zigeuzwe kuwa za aina moja kabla ya kuingia kwenye jedwali, la sivyo mteja mmoja atakuwa watu wawili. Tulikuwa tunatumia Java, lakini hayo yote nimeyahamisha kwenye PHP na kwingineko bila kubadilisha hata moja.

Hapo hapo nikajifunza kuheshimu kitochi. Menyu ya nyota na reli haikupi zaidi ya herufi 182 kwenye skrini moja, na mteja akichelewa kujibu inakatika. Ukizoea kupanga huduma ndani ya nafasi hiyo, skrini za simu janja hazikutishi tena.

Kazi ya Ulaya ilikuwa na mshahara mzuri na vikao vya usiku. Sina mengi ya kuisema. Soma mkataba, hasa kipengele cha notisi, kwa sababu wakipunguza watu anayekatwa kwanza mara nyingi ni yule wa mbali asiye na chama wala jirani ofisini.

Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, ndiko nilikopata darasa ambalo hakuna fremuweki inalifundisha. Mama mmoja mwenye mitumbwi na ghala aliniita nimtengenezee mfumo wa mapato na matumizi. Nikamuuliza swali la kawaida la watu wetu: kwa mwezi unaingiza kiasi gani?

"Mwezi upi mwanangu? Wa kalenda au wa ziwani?"

Akafungua daftari. Kila giza, yaani kipindi cha usiku usio na mbalamwezi, lina kurasa zake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, mitumbwi inapumzika. Giza likiisha, zinatolewa gharama za petroli, taa na chakula cha wavuvi, kinachobaki tajiri na wavuvi wake wanagawana. Kwa hiyo ripoti ya kulinganisha Machi na Aprili ingemdanganya kabisa, maana kalenda inakata giza moja vipande viwili na kuvipachika kwenye miezi tofauti. Nilichofanya ni jedwali dogo la magiza lenye tarehe ya kufungua na ya kufunga, anazijaza mwenyewe, na kila safari ya mtumbwi inaning'inia kwenye giza lake.

Magunia nayo. Programu za stoo zinazouzwa tayari zinataka gunia moja liwe kilo kadhaa, kisha zizidishe. Gunia la dagaa halina adabu hiyo: kuna lililoshindiliwa na lisiloshindiliwa, kuna dagaa waliokauka vizuri na walionyeshewa mvua wakiwa mchangani. Tunaandika idadi ya magunia na kilo zilizosomwa kwenye mizani, vyote viwili, bila kuzidisha chochote. Kwa kuwa visiwani mtandao unakuja na kuondoka, simu ya karani inahifadhi kwanza ndani yake kwa SQLite (kanzidata ndogo ya ndani ya simu), ikipata mtandao inapeleka. Kila rekodi inapewa utambulisho wake pale pale kwenye simu, ili makarani wawili wasigombee namba moja.

Wakati huo kuna jamaa alimfuata mama huyo huyo na habari za kufuatilia dagaa kwa blokucheini (daftari la pamoja la mtandaoni lisilofutika) mpaka Kongo. Mama akamuuliza mizani wataiwekaje humo. Jamaa hakurudi.

Akili mnemba ninaitumia kila siku na sioni aibu. Inaniandikia majaribio ya programu na kunisomea msimbo wa mtu aliyeondoka bila maelezo. Lakini ukiiomba mfumo wa mapato ya mvuvi bila kuielekeza, itakuletea ripoti ya Januari mpaka Desemba, safi na haina kazi. Na usiibandikie majina na namba za simu za wanachama wa SACCOS ili ikutafutie kosa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hizo si siri zako.

Kwa hiyo ukitaka kuhama, tafuta kwanza kazi utakayokaa karibu na anayeumia mfumo ukikosea: karani, mhasibu, wakala. Ukiwa na ofa mbili, moja ina lugha unayoipenda na nyingine ina muhasibu mkali atakayekubali ukae naye siku nzima, chukua ya muhasibu. Usiache mshahara kabla hujawa na wateja wanaokulipa kila mwezi, hata kama ni wawili, maana mradi wa kulipwa mara moja unaisha na simu za kulalamika haziishi.

Bei yangu ninaigawa mara mbili: ya kujenga, na ya kutunza kila mwezi. Wafanyabiashara wengi watabisha hiyo ya pili. Waonyeshe kwenye karatasi kilichomo: seva, nakala ya data kila usiku, kufika dukani mfumo ukigoma. Kwenye mkataba weka sentensi kwamba data ni mali ya mteja na akiondoka atapewa yote kwenye faili linalofunguka kwa Excel, ndani ya siku saba, bila malipo. Wateja wangu wengi walisaini baada ya kuisoma sentensi hiyo.