Kuhamisha mkanda wa MiniDV bila kupunguza ubora

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini video ya harusi iliyo kwenye mkanda wa MiniDV, yaani kaseti ndogo ya video ya kidijitali, hutoka na ukungu unapoihamishia kwenye kompyuta kwa waya wa njano. Waya huo hubeba mawimbi ya analojia, hivyo picha iliyorekodiwa kidijitali hugeuzwa kuwa analojia, kisha hugeuzwa tena kuwa dijitali, na kila mara ubora hupungua. Tumia waya wa FireWire, ambao kwenye kamera za Sony huitwa i.LINK, kwani hunakili data ya mkanda jinsi ilivyo. Saa moja huchukua takribani gigabaiti 13. Tafadhali usilibane faili hilo, litunze kama nakala mama. Mimi huupeleka mkanda mbele hadi mwisho na kuurudisha kabla ya kunakili, maana uliokaa kabatini miaka mingi huweza kushikana, na picha ikaanza kukatika vijimraba usoni mwa bibi harusi.