Futa hiyo tarehe kwanza, mleta uzi

Hiyo barua ya kuacha kazi unayotaka kuituma isubiri. Unasema mhubiri kakuambia uishike Yeremia 29:11 (ule wa Mungu kuwawazia watu wake "mawazo ya amani"), uikiri siku 40, halafu uishi kama vile jibu limeshafika, nawe tarehe ya jibu umeshaiweka. Dawa hiyo niliimeza, ladha yake naijua. Hilo si tumaini, ni hati ya madai yenye siku ya mwisho, na mdaiwa umemfanya Mungu.

Anza kusoma sura ya 28. Nabii Hanania anasimama hekaluni na kutangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka vitarudi kutoka Babeli. Anaivua nira ya mti, ishara ya kuitumikia Babeli, shingoni mwa nabii Yeremia na kuivunja mbele ya watu. Mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania akafa. Sasa sura ya 29 ni barua ya Yeremia kwa hao mateka walioko Babeli: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni, uombeeni amani mji mliopelekwa. Mstari wa 10 unataja miaka 70 kabla ya kurudishwa. Ndipo unakuja huo wa 11 wako! Mzee wa miaka 60 aliyesomewa barua ile alijua atazikwa Babeli, na bado aliambiwa apande miti.

Wanaokukatia mstari wa 11 peke yake wananiudhi kweli. Miaka 70 haiuziki, kwa hiyo wanairuka. Midomoni Yeremia, mkononi kalenda ya Hanania. Na tarehe ikipita hawapo: utaambiwa imani yako ilipungua, utapewa tarehe nyingine, ya tatu ikipita utaona aibu hata kupiga magoti. Hapo ndipo watu wanapopotelea, wala si kwenye dhiki yenyewe.

Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika alichoahidi Mungu kwa kila aaminiye: ufufuo, kurudi kwa Kristo, kwamba hatakuacha. Kulia andika unachoomba: kazi, kupona, mtoto. Omba vyote, tena kwa nguvu. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili, kwa hiyo kulalamika ruksa. Ila tumaini litundike kushoto tu. Waebrania 6:19 inaliita nanga, na nanga haitupwi ndani ya mashua yenyewe, utazunguka nayo mpaka upate kizunguzungu. Wale vijana watatu wa Danieli 3, waliotishiwa tanuru la moto, walisema Mungu aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza "bali kama si hivyo". Ombi lolote la upande wa kulia ambalo huwezi kuliongezea maneno hayo, ujue umeshaliwekea tarehe kimoyomoyo.

Uliuliza pia tofauti ya imani na tumaini, na kitu kuhusu kufunga. Wajuzi watakuja. Mimi nataka kujua moja tu: hiyo barua hujaituma, sivyo?