Hitilafu ya ndege si lazima iwe kosa la kiwanda

Umeuliza kwa nini abiria aendelee kuziamini ndege za Boeing ilhali kila mara tunasoma habari za hitilafu mpya. Hofu yako ina msingi. Ajali mbili za ndege aina ya Boeing 737 MAX, ile ya Lion Air ya Oktoba 2018 iliyoua watu 189 na ile ya Ethiopian Airlines ya Machi 2019 iliyoua watu 157 safarini kuelekea Nairobi, wakiwamo Wakenya 32, zilihusishwa na programu ya MCAS, ambayo ilitegemea kihisi kimoja tu kuamua kuinamisha pua ya ndege, na ambayo kabla ya ajali ya kwanza marubani hawakuwa wameelezwa kuwa ipo. Hilo lilikuwa kosa la usanifu, na sioni namna ya kulitetea. Januari 2024 kipande cha ukuta wa ndege ya Alaska Airlines kiling'oka angani, na wachunguzi wakabaini kwamba boliti nne za kukishikilia hazikuwepo ndege ilipotoka kiwandani.

Gurudumu lililodondoka kutoka kwenye Boeing 777 huko San Francisco, Marekani, miezi miwili baadaye ni suala tofauti, kwa kuwa ndege hiyo ilikuwa imesharuka kwa zaidi ya miaka 20, na matengenezo ya magurudumu ni wajibu wa shirika linaloirusha ndege. Hata hivyo, vichwa vingi vya habari vilitanguliza jina la mtengenezaji. Mimi, kabla ya kushtuka, hutafuta kwanza umri wa ndege yenyewe.