Kama haina bei kwenye BOQ (orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba), sahau: ushauri kwa anayeanza kazi ya mazingira barabarani

Juzi kijana mmoja kamaliza chuo, kapata kazi ya afisa mazingira kwa mkandarasi wa barabara, kanitumia meseji anauliza aanzie wapi. Nikaanza kumjibu WhatsApp nikaona inazidi kurefuka, bora niiweke hapa na wengine mpate. Mi nimekaa upande wa mshauri mwelekezi, yule anayemsimamia mkandarasi, nikaja kukaa upande wa mkandarasi, kwa hiyo madudu ya pande zote nayajua.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Tulikuwa tunafanya tathmini ya mazingira ya barabara ya vumbi inayotakiwa kuwekwa lami, huku nyanda za juu kusini, na tulienda mwezi wa tisa. Jua kali, vumbi kama unga wa ngano, tumepandisha vioo, kila baada ya kilomita tunasimama tunapiga picha tunasonga. Sehemu moja tukamkuta mzee anachonga mpini wa jembe, nikashuka, shikamoo mzee, marahaba, akauliza mnapima nini nikamweleza. Akanyoosha ule mpini akasema, "mwanangu, hapo uliposimama ndo njia ya maji." Naangalia chini naona nyasi kavu na mbuzi wawili, hakuna hata dalili ya korongo. Nikaitikia kwa heshima, ila kwenye daftari sikuandika kitu.

Mvua zilipokuja tuta la barabara lilikuwa limeshapandishwa zaidi ya mita moja. Maji yakashuka kutoka mlimani yakakuta ukuta, yakaambaa nalo mpaka kwenye kalavati la mbele na kutokea yote kwa mpigo kwenye shamba la migomba la mama mmoja. Asubuhi tunafika migomba imelala mizizi nje, mama kafunga kanga kiunoni, hapigi kelele, anatuangalia tu. Bora angetutukana.

Kwa hiyo mdogo wangu, nenda saiti kipindi cha mvua hata kama ratiba ya ofisi haitaki, na utembee kwa miguu. Wazee waulize, tena waandike. Na watoto wa shule waulize masika huwa wanavua viatu wapi, hapo ndo pa kuweka kalavati.

Sasa tuje kwenye hela, maana hapa ndo kila kitu kinapofia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ifanyike na cheti kipatikane kabla mradi haujaanza, na kiukweli cheti kinapatikana, ripoti ni nene, nyuma ina jedwali zuri la athari na namna ya kuzipunguza. Shida ni kwamba jedwali lote limeandikwa "mkandarasi atahakikisha", "mkandarasi atazingatia", halafu ukifungua BOQ unakuta mazingira mstari mmoja, sijui jumla kiasi fulani, basi. Mkandarasi anafanya kile anacholipwa, na nilipokuwa upande wao na mimi nilifanya hivyo hivyo. Kupanda nyasi kwenye kingo za tuta kuwe na mita za mraba na bei yake, kumwaga maji kuwe na bei yake, kufukia mashimo ya kifusi, yale tunakochimba udongo wa kujengea barabara, hivyo hivyo. Pigana kabla zabuni haijatangazwa, mkataba ukishasainiwa utabaki kuandika barua tu.

Vumbi ni mfano mzuri. Boza linamwaga maji pale gari la mshauri linapoonekana, likipotea na boza linapotea, ukiuliza unaambiwa dizeli. Dawa yake ni kuhesabu tripu kila siku na kusaini, na malipo yafuate tripu. Ila angalia maji yanatoka wapi, usije ukanyonya kisima ambacho kina mama wanapanga foleni ya ndoo tangu alfajiri, utagombana na kijiji kizima na watakuwa na haki.

Mashimo ya kifusi, maarufu kama boropiti, haya nayaogopa kuliko yote. Yakijaa maji ni mbu, na watoto wanaenda kuogelea humo. Kabla greda halijakwangua, ule udongo mweusi wa juu urundike pembeni usichanganyike na kitu, kwa sababu ukishaupoteza hapaoti chochote. Ukimaliza laza kingo ziwe mteremko, rudisha udongo. Wafugaji wakisema liachwe liwe lambo la ng'ombe sawa, ila yawepo makubaliano kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye saini na muhuri, maana mwenyekiti akibadilika mwakani atakuja mwingine akuulize nani alikuruhusu.

Watu na nyumba sitaingia sana, ni makala nyingine. Jua tu kwamba Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 mpaka 30 kila upande, ndo maana unaona X nyekundu na X ya kijani ukutani. Ya kijani ndo ya yule aliyekutwa na huo upanuzi, huyo analipwa. Waelezeni mapema, mtu asilale na X mlangoni hajui maana yake. Na makaburi usiyaguse kabla hujakaa na familia.

Kingine kinachosahaulika ni kwamba barabara nzuri inaongeza spidi, kwa hiyo athari nyingine zinaanza utepe ukishakatwa. Angalia Mikumi, barabara kuu ya kwenda Zambia inakata hifadhi kwa kilomita kama 50, wanyama wanagongwa pamoja na matuta yote yale na mabango ya faini ya kila mnyama. Ndo maana ile barabara iliyopangwa kupita kaskazini mwa Serengeti ilifika mpaka Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 ikaamuliwa lami isipite pale. Mradi wako hauna nyumbu, sawa, ila una shule na mnada wa Jumamosi, matuta na vivuko viwe kwenye michoro, sio mpaka mtoto agongwe.

Yule mama alikuja kulipwa baada ya barua nyingi. Na kwa mzee tulirudi, safari hii na mpima ardhi, akanyoosha kidole pale pale, tukapigilia kigingi na kalavati la ziada likajengwa. Hakusema "niliwaambia". Aliuliza tu kama zile mbao zilizobaki kwenye zege tunazihitaji.